Resoti za skii: zipi zinastahili jina lake na zipi zinabebwa na umaarufu (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Nyumbani ni Marangu, ila huu ni msimu wa tisa nafanya kazi kwenye duka la kukodisha skii hapa Tirol, Austria. Kila ikifika Novemba simu inaanza kuita, ndugu wa Munich, wa Zurich, wa Oslo, wa Dubai, hadi Aurora kule Colorado, na maswali ni yale yale: twende wapi, Chamonix kweli ni vile wanavyosema, Courchevel ni hela tu au kuna kitu (zote mbili ziko Ufaransa). Nimeyakusanya hapa ili nisirudie kila siku. Ni maoni yangu lakini nimeyapata kwa kuvalisha watu buti asubuhi na kuwavua jioni, na jioni ndo unaujua ukweli.

## Ya kuanzia

Resoti ya skii ni nini hasa, na watu wanabishania nini?

Ni mlima uliowekewa lifti za kukupandisha juu na njia za kushukia kwa kuteleza juu ya theluji, pamoja na kijiji au mji wa kulala. Hizo njia zinaitwa pisti, usiku mashine zinapita kusawazisha theluji, asubuhi zinakuwa zimenyooka zina mistari midogo midogo kama kitambaa cha kodrai. Ukitoka nje ya pisti hiyo ni habari nyingine kabisa, angalia swali la nje ya pisti huko chini.

Ubishi unakuja kwa sababu sifa ni moja ila watu ni tofauti. Mtu wa miaka ishirini kwenye skii akisema mahali fulani ni bora duniani, anasemea miguu yake na mfuko wake. Anayeanza akiichukua sifa hiyo kama ilivyo anaumia. Kwa hiyo mimi mtu akiniuliza "resoti fulani ni nzuri?" namuuliza kwanza nzuri kwa nini na kwa nani, halafu ndo tunaongea.

Hizi sifa zinatoka wapi?

Nyingi zimetoka kwenye historia. St. Moritz ya Uswisi inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwekeana dau na wageni wake Waingereza kuwa wakirudi wakati wa baridi watafurahia jua na wasipofurahia atawalipia nauli, wakaja, wakakaa, na utalii wa majira ya baridi kwenye Alps ukahesabiwa umeanzia pale. Chamonix ikapata Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Kitzbühel hapa Austria ina mbio za skii za Hahnenkamm tangu 1931. Vail ya Colorado ilifunguliwa Desemba 1962 na watu akina Pete Seibert, askari wa zamani wa kikosi cha milimani cha Marekani.

Sasa jina likishashika halishuki haraka hata mambo yakibadilika. Wazee walisema chema chajiuza kibaya chajitembeza, ila kwenye skii naona vyema kadhaa vimekaa kimya mabondeni, na vingine vya kawaida vinatembezwa kwenye mabango ya uwanja wa ndege kila mwaka.

Wakisema "kilomita 600 za pisti" ni kweli?

Ni namba ya tangazo, ichukue hivyo. Hakuna kipimo kimoja wanachokifuata wote. Mwingine anapima mstari wa katikati ya pisti, mwingine alikuwa anahesabu ule urefu wa kukata kona kulia kushoto, ambao unaweza kuongeza sana. Kuna mshauri Mjerumani anaitwa Christoph Schrahe alikaa akapima mwenyewe resoti kubwa kwa ramani za kompyuta, akakuta kadhaa zimetaja namba kubwa kuliko alizopata yeye, na baada ya kelele zile baadhi zikarekebisha.

Na hata ikiwa kweli, kwa wiki moja wewe unayeanza utatumia labda kilomita 10, unazirudia. Unalipia 590 za watu wengine.

Rangi za pisti zina maana sawa kila mahali?

Hapana, na hapa ndo watu wanaumia. Ulaya ni bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu, na Ufaransa wana kijani chini ya bluu. Marekani na Kanada hawana nyekundu, wana duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi na almasi mbili nyeusi. Ila kila resoti inajipangia yenyewe. Bluu ya St. Anton kwingine ingepakwa nyekundu bila mjadala. Kwa hiyo usijisifie rangi, ulizia mteremko wenyewe ukoje.

Urefu kutoka usawa wa bahari una umuhimu gani?

Mkubwa kuliko jina. Juu kuna baridi, theluji inakaa. Val Thorens kijiji chenyewe kipo mita 2,300, ndicho cha juu kuliko resoti zote za Ulaya, Novemba mwishoni huko watu wanateleza. Kitzbühel mji upo mita 762 tu, chini ya Moshi mjini! Watu wa nyumbani hii wanaielewa haraka, kwamba Moshi huoni theluji ila ukiinua macho Kibo ile pale. Lakini juu nako kuna gharama yake, miti hakuna, upepo ukivuma lifti zinafungwa, ukungu ukishuka huoni hata ncha ya skii yako. Siku ya dhoruba resoti ya chini yenye msitu inaishinda ya juu, maana miti inakupa kitu cha kuangalia.

## Alps, moja moja

Chamonix inastahili jina lake?

Inastahili, tena kwa herufi kubwa, ila si kwa ajili ya wengi wanaoenda.

Mlima Mont Blanc uko pale unakuangalia, zaidi ya mita 4,800, na gari la waya la Aiguille du Midi (magari ya aina ile iliyoleta mabishano kwetu Kilimanjaro) linakupeleka kama mita 3,800. Kutoka pale kuna Vallée Blanche, safari ya kama kilomita 20 juu ya barafuto, yaani ule mto wa barafu wa mlimani, na theluji ikiwepo mpaka chini unashuka karibu mita 2,800 kwa wima. Mwanzo wake unatembea kwenye ukingo mwembamba umefungwa kamba, kushoto na kulia kunashuka hadi moyo unasimama. Si pisti. Haichungwi, haisawazishwi, chini ya theluji kuna nyufa za barafu, unaenda na mwongozaji mwenye leseni ya milimani, usijaribu kufuata tu mistari ya waliopita.

Shida ni kwamba mtu anasikia "Chamonix" anadhani ni eneo moja kubwa, kumbe ni bonde lenye milima iliyotengana, Brévent na Flégère upande mmoja, Grands Montets kule Argentière, Balme mwisho wa bonde, Les Houches upande wa chini, na unahama kwa basi au treni huku umebeba skii begani. Grands Montets nayo, ndo ilikuwa roho ya wataalamu, septemba 2018 moto ukaunguza kituo cha gari la waya na kwa miaka mingi hukuweza kufika juu kama zamani. Anayeanza anapata viwanja vidogo vya kujifunzia bondeni, basi. Ukiwa na familia inayojifunza nenda kwingine, Chamonix njoo uiangalie siku moja, panda Aiguille du Midi, piga picha, rudi.

Zermatt je? Au ni ule mlima wa chokoleti tu?

Hapa sina ubishi. Matterhorn ina mita 4,478 na ukiiona kwa macho unasahau kama umewahi kuiona kwenye boksi la chokoleti. Magari ya mafuta hayaingii kijijini, unaacha gari Täsch unapanda treni dakika chache, mle ndani ni vigari vya umeme na farasi. Lifti zinafika zaidi ya mita 3,800, unaweza kuvuka kwa skii ukala mchana Cervinia upande wa Italia na kurudi, ila chunga saa, upepo ukifunga lifti za juu unalala Italia au unalipa teksi ya kuzunguka milima yote na hiyo bei usiiulize.

Pisti zake ndefu na kwa kiasi kikubwa si kali, kwa hiyo mtu wa kati anafurahi kuliko Chamonix. Ubaya ni pesa. Uswisi ni Uswisi. Ujanja ni kulala Täsch au Cervinia.

Courchevel ni hela tu?

Courchevel 1850 ndiyo, hela imejaa, maduka ya mikoba na uwanja wa ndege mdogo uliojengwa mlimani wenye njia ya kurukia iliyoinama. Ila watu wanachanganya kijiji na mlima. Mlima wenyewe ni sehemu ya Trois Vallées pamoja na Méribel na Val Thorens, wenyewe wanataja kilomita 600 (rudi kwenye swali la kilomita), na ni kati ya maeneo yaliyopangwa vizuri sana duniani, lifti za kisasa, pisti zinasawazishwa kila usiku, anayeanza na mtaalamu wanalala nyumba moja kila mtu anapata chake.

Na pasi ya lifti haimuulizi mtu amelala wapi. Bilionea wa 1850 na wewe uliyelala Brides-les-Bains kule chini mita 600 mnateleza theluji ile ile. Brides ina gondola (gari la waya la vibanda vidogo) iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Albertville 1992, inakupandisha Méribel kwa kama dakika 25, na vyumba vyake ni sehemu ndogo tu ya bei za juu. Hii siri nimewapa familia nyingi za kwetu na hakuna aliyerudi analalamika. Kwa hiyo jina la Courchevel kama mahali pa skii linastahili kabisa, jina lake kama mahali pa kuonekana mimi siligusi.

Kitzbühel?

Mbio zinastahili kila neno. Streif, pisti ya mbio hizo, ina kilomita 3.3 hivi, sehemu inaitwa Mausefalle mteremko unafika asilimia 85, wanaume wanaruka hewani sekunde chache baada ya kuanza, na chini kwenye mstari wa mwisho maelfu ya watu wamesimama kwenye baridi. Nimesimama pale mara tatu. Mtu anapopita huoni mtu, unasikia tu ule mlio wa chuma kikikwaruza barafu, halafu umati unavuta pumzi kwa pamoja.

Kama resoti kwa siku nyingine zote, ni nzuri ya kawaida. Mji mzuri wa kale, pisti za kati, lakini ipo chini na baridi isipokuwa kali inategemea sana theluji ya mashine, utaona utepe mweupe umezungukwa na majani ya kahawia. Kama si wiki ya mbio, kwa bei ile nakupeleka kwingine.

St. Anton wanasema ni chuo kikuu cha skii, kweli?

Kweli. Klabu ya Arlberg ilianzishwa 1901, na Hannes Schneider ndo aliweka utaratibu wa kufundisha skii hatua kwa hatua ambao ulienea duniani. Manazi walimkamata 1938 na mwaka uliofuata akahamia Marekani, akaenda kufundisha New Hampshire. Tangu 2016 lifti zimeunganisha St. Anton na Zürs na Lech, na upande wa Lech na Warth theluji inaanguka kwa wingi mpaka wenyeji wanachoka kuikwangua.

Ila isome vizuri hiyo sifa. Pale wamefundishwa watu, haimaanishi ni pepesi kujifunzia! Miaka miwili iliyopita alikuja dukani dada mmoja wa Munich, mtu wa Tanga, amekodi wiki nzima, siku ya pili jioni akarudisha kila kitu. Nikamvua buti. Alikuwa amevaa soksi mbili mbili ngozi imejikunja na alama nyekundu imezunguka mguu kama kamba, kucha ya kidole gumba imeshakuwa bluu. Akaniambia, "Kaka, mimi huu mchezo siufai." Alikuwa ametoka kushushwa St. Anton saa kumi jioni, ile njia ya kurudi kijijini ambapo watu wote wanashuka kwa pamoja, theluji imeshageuka matuta na barafu. Nikamwambia dada yangu, unafaa, ni mlima ule haukuwa wako. Nikambadilishia buti, soksi moja nyembamba, nikamwelekeza kilima kidogo cha bondeni kwetu ambacho hakuna mtu nje ya Tirol anakijua jina. Jumamosi alikuwa anakata kona.

St. Moritz na Gstaad?

Nenda uone. Mbio za farasi juu ya ziwa lililoganda St. Moritz ni kitu cha kumsimulia mjukuu, na mwinuko wa pale unasaidia theluji. Gstaad kwa skii yenyewe naiona ya kawaida, ipo chini kidogo ya mita 1,100, jina lake ni la wageni wake zaidi kuliko mlima.

Cortina na Dolomiti, mbona hazizungumzwi sana kwetu?

Na ndo ninayoipigia debe kila mwaka. Cortina d'Ampezzo ilikuwa na Olimpiki 1956 na tena 2026 pamoja na Milano, ila mimi nakuambia usiishie Cortina, chukua pasi ya Dolomiti Superski ambayo ipo tangu 1974 na inafungua maeneo 12 kwa kadi moja. Kuna mzunguko unaitwa Sellaronda, unauzunguka mlima Sella mzima kwa skii na lifti, unatoka asubuhi mlango huu unarudi jioni mlango ule ule, na njia nyingi ni bluu na nyekundu. Ile miamba jioni inageuka rangi ya waridi. Chakula Italia unakijua, kwenye vibanda vya mlimani unakula sahani ya maana kwa bei ya soseji ya Zermatt.

Udhaifu wake ni kwamba theluji ya asili si ya uhakika, wanategemea mashine sana, na wataalamu wanaotaka miteremko mikali watachoka. Kwa familia ya kati, hakuna mahali Ulaya pamedharauliwa kama hapa ukilinganisha na kinachotolewa.

## Ng'ambo ya bahari

Vail ni kubwa kweli au ni matangazo?

Kubwa kweli. Nyuma ya mlima kuna yale mabakuli, Back Bowls, uwanda wazi usio na mwisho, siku theluji imeanguka ni raha ya ajabu. Kijiji ni cha kujengwa, kimeiga Tirol, mimi ninayeishi Tirol nakiona kama seti ya filamu. Ndugu wa Aurora na Denver shida yenu si mlima ni barabara, ile I-70 Jumamosi asubuhi ni foleni ya kilio. Na pale chini kijijini ni karibu mita 2,500, kunywa maji mengi, siku ya kwanza usijikaze.

Kwa nini tiketi ya siku Marekani inazidi dola 300?

Kwa sababu hawataki ununue ya siku. Tangu Epic Pass ianze 2008 biashara imegeuka, wanakuuzia pasi ya msimu mapema kabla theluji haijaanguka, wao wanapata uhakika wa pesa, na anayekuja dirishani bila mpango anatozwa ile bei ya kutisha. Ukiteleza siku tano au zaidi nunua pasi mapema, ukiteleza siku moja tafuta kilima kidogo cha karibu. Alps tiketi ya siku kwenye resoti kubwa bado ni sehemu tu ya hiyo.

Na pesa haimaanishi huduma. Park City, Utah, Desemba 2024 walinzi wa mlima waligoma karibu wiki mbili wakidai mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 kwa saa kwenda 23, ikawa katikati ya sikukuu, sehemu kubwa ya mlima ikafungwa na foleni za lifti zikawa ndefu vibaya mno. Wale ndo wanaokubeba ukivunjika mguu. Dola mbili.

Aspen?

Ni milima minne kwa pasi moja na watu hawaijui hiyo. Aspen Mountain wenyewe hauna njia ya kijani hata moja, kwa hiyo anayeanza aende Buttermilk, ambayo watu wanaijua kwa mashindano ya X Games kumbe ni kati ya vilima vizuri vya kujifunzia Marekani nzima. Snowmass ndo kubwa kuliko zote. Bei ya kulala mjini inaumiza, hilo kweli. Ila kama mlima, jina limestahili.

Utah wanajisifia theluji bora duniani, ni kweli?

Nimeenda mara moja, Alta, na nilinyamaza. Theluji kavu nyepesi kama unga wa sembe uliochekechwa, ukiipuliza mkononi inaruka. Zaidi ya mita 12 kwa msimu. Alta hawaruhusu snobodi (ule ubao mmoja wa kusimamia miguu yote miwili) hata leo, Deer Valley pia, kwa hiyo kama mwenzako ni wa snobodi nendeni Snowbird jirani. Barabara ya bonde lile inafungwa mara kwa mara kwa hatari ya maporomoko, unaweza kukwama chini ukiangalia.

Whistler?

Ni kati ya maeneo makubwa kabisa Amerika Kaskazini, walishindania pale Olimpiki ya 2010, na gondola ya Peak 2 Peak inavuka bonde kilomita 4.4 kati ya milima miwili. Huko juu ni dunia nyingine. Ila kijiji kipo mita 675 karibu na Pasifiki, chini mvua inakunyeshea Januari katikati na theluji ya pwani ni nzito. Anayekuambia Whistler ni jua na unga laini kila siku hajakaa wiki nzima.

Niseko, Japani, sifa zake zimezidi?

Sifa za theluji hazijazidi. Upepo wa Siberia unavuka bahari ya Japani unabeba unyevu, ukigonga milima ya Hokkaido unaumwaga wote, resoti zenyewe zinataja kama mita 15 kwa msimu, kwenye mlima ambao kilele hakifiki hata mita 1,400. Kilichozidi ni bei na msongamano, na mteremko wenyewe ni mfupi na si mkali kama Alps. Ukitaka theluji ile ile na watu wachache tazama Furano au Rusutsu.

## Maswali ya pembeni

Niende wiki gani nisipate foleni?

Epuka Krismasi hadi mwaka mpya, na epuka likizo za shule za Ufaransa za Februari na Machi mwanzoni. Wiki baada ya mwaka mpya hadi katikati ya Januari ni baridi ila pamepoa, na nusu ya pili ya Machi kwa resoti za juu ni tamu, jua lipo na bei imeshuka. Kabla hujalipa angalia lifti ngapi zimefunguliwa siku hiyo. Kuna resoti moja, siitaji, iliniuzia pasi ya bei kamili asubuhi huku nusu ya lifti zimefungwa kwa upepo tangu usiku, na dirishani hawakusema neno. Tangu hapo naangalia mwenyewe.

Nje ya pisti si ndo wanaposifia wote? Kwa nini unatukataza?

Sikatazi, nataka mrudi. Marekani na Kanada, ndani ya mipaka ya resoti walinzi wanalipua theluji mbaya na kukagua hata pasipo pisti. Alps ukitoka mita mbili nje ya pisti uko peke yako. Hatari ya maporomoko hutangazwa kwa daraja 1 hadi 5, na wengi hufa siku za daraja la 3, kwa sababu la 4 na la 5 watu wanaogopa, la 3 wanalizoea. Aliyefukiwa ana kama robo saa ya kupatikana, kwa hiyo kila mmoja awe na kifaa cha mawimbi, koleo na fimbo ya kupimia, na ajue kuvitumia. Bima ya helikopta lazima. Huna hivyo, kaa kwenye pisti, hata ukiwa Verbier, ile resoti ya Uswisi inayosifiwa kwa nje ya pisti.

Tutakuwa weusi peke yetu mlimani?

Mara nyingi ndiyo, sidanganyi, na watu watawaangalia, wengi kwa udadisi tu. Resoti kubwa zenye wageni wa kila nchi, kama Val Thorens, ni nyepesi zaidi kwa hilo kuliko vijiji vidogo. Lakini hatuko wageni wa huu mchezo. Philip Boit wa Kenya alishindana Nagano 1998 kwenye skii za masafa, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari hadi akafika akamkumbatia. Boit alimwita mwanawe Dæhlie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akaiwakilisha Kenya PyeongChang 2018 kwenye miteremko. Wateja wangu Waaustria wa umri wa kati wanamjua kwa jina.

Afriski, Oukaïmeden na Ski Dubai zinahesabika?

Kwa kuanzia, ndiyo kabisa. Afriski Lesotho ipo zaidi ya mita 3,000, msimu ni Juni hadi Agosti, pisti kuu kama kilomita moja. Oukaïmeden, Morocco, inafika mita 3,200, vifaa ni vya zamani ila mandhari ya Atlas ni ya pekee. Ski Dubai ipo tangu 2005 ndani ya jengo la maduka, njia ndefu kuliko zote mita 400. Ndugu wa Dubai nawaambia chukueni masomo matatu pale kabla ya kupanda ndege, mtaokoa siku mbili za Alps, na siku mbili za Alps ni hela.

Ni kweli theluji inaisha na hizi sifa zote zitakufa?

Nyingine zinakufa tayari. Chacaltaya ya Bolivia ilikuwa juu ya mita 5,300 na barafuto yake iliisha kabisa 2009, leo ni mawe. Zermatt inayojivunia skii ya mwaka mzima ilisimamisha ya kiangazi Julai 2022 kwa joto. Sisi wa Marangu hatuhitaji kuelezwa, babu alituonyesha kwa kidole theluji ya Kibo ilikuwa inafika wapi. Kwa hiyo ukichagua sasa, urefu na upande mlima unaotazama (kaskazini ni bora kwa huku) vinazidi kuhesabika kuliko jina, rudi kwenye swali la urefu.

Siskii wala sitaki kujifunza, niko na mama mtu mzima, tuende wapi?

Zermatt kwa treni ya Gornergrat, ipo tangu 1898, inakupeleka mita 3,089 ukiwa umekaa kitini na Matterhorn mbele. Aiguille du Midi nayo ila kwa mtu mzima mwenye presha muulize daktari kwanza, unapanda juu sana kwa haraka.

Ya bei nafuu ni hapa Innsbruck. Unapanda treni ya Hungerburg katikati ya mji, unabadilisha gari la waya hadi Seegrube, mita 1,905, chini ya nusu saa tangu ulipokunywa chai. Mama mdogo alipokuja nilimpeleka pale. Miaka sitini na kitu ameitazama theluji ya Kibo kutoka shambani na hajawahi kuigusa. Akavua glavu, akaishika, akaiweka mdomoni kidogo, akaniuliza, "Baba, kumbe haina ladha?" Akafunga kidonge kingine kwenye leso akakitia kwenye mkoba, nikamwacha. Kuna benchi za mbao upande wa jua na supu, chukueni tiketi ya kwenda na kurudi, viatu vya soli yenye meno, na mshuke kabla gari la mwisho la jioni.